Maduhu Anaendelea Vizuri

Kijiwe chetu kinatazamana na geti la hospitali, katikati kuna barabara ya vumbi, kwa hiyo hatuhitaji gazeti kujua nani kaugua. Redio tunayo. Ni ya Rajabali, mwenye duka la misumari na mabati, ambaye tunamwita Bwana Habari kwa sababu akishasikia taarifa anaitetea kama vile yeye ndiye aliyeitoa. Jumatano ile, saa nne asubuhi, redio ikasema kwamba kuanzia sasa mgonjwa wa dharura ataonwa ndani ya dakika kumi tangu afike.

Mama Noela, anayetuuzia kahawa, aliacha birika likining'inia hewani. Masalu alicheka mpaka kashata ikampalia.

Masalu tunamwita Spika. Kazi yake ni kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na kwa kuzoea kushindana nayo kwa sauti, hata akikuomba kiberiti wanasikia Bulyanhulu. Akatusimulia habari za shemeji yake Mariana, aliyepelekwa dharura akiwa na uchungu wa kuzaa, akasubiri, akasubiri, na jina lake lilipoitwa, aliyeitika ni mtoto. Mama Noela akamwambia aache uongo, mwenye uchungu hapelekwi dharura, anapelekwa wodi ya wazazi. Masalu akasema ndiyo maana mtoto alipata muda wa kukua.

Rajabali akakunja miguu. Akatufafanulia kwamba hatujaelewa taarifa. Zile dakika kumi hazianzi mgonjwa akifika, zinaanza daktari akifika. Nikamuuliza, na daktari naye anahesabiwa na nani? Akasema hilo ni suala la sera. Nikamwambia mimi mabenchi ya hospitali nayafahamu kwa makalio, kutoka Tabora mpaka Biharamulo, na sijakuta hata moja lililopakwa sera. Yote ni mbao, tena ya Biharamulo ina msumari.

Tulikuwa tunabishania huo msumari ndipo Maduhu alipotoka getini akavuka barabara.

Maduhu ni mchimbaji mdogo, ana miaka hamsini na kitu, mpole kupita kiasi. Jua lilikuwa linachoma lakini yeye alivaa koti zito, mkono wa kulia ameuzamisha mfukoni. Akatusalimia mmoja mmoja. Akauliza wa nyumbani, akauliza ng'ombe, akauliza pamba kama imepaliliwa, akamuuliza hata Rajabali habari za ng'ombe, na Rajabali hajawahi kufuga hata njiwa. Tulipomuuliza amefuata nini hospitalini akasema amepita kidogo tu. Yuko kwenye foleni tangu saa moja, ameona akanywe kahawa arudi.

Mama Noela akamnyooshea kikombe. Maduhu akakipokea kwa mkono wa kushoto.

Huku kwetu mtu mzima hapokei kitu kwa mkono wa kushoto mbele za watu, labda awe amelewa au anatafuta ugomvi, na Maduhu hajui yote mawili. Mama Noela akaweka birika chini.

"Baba Thobias, toa huo mkono mwingine."

"Upo tu, mama."

"Najua upo. Utoe."

Akautoa polepole, kama mtu anayetoa kitu cha wizi. Ulikuwa umefungwa kipande cha kanga, na vidole vilivyochungulia vilikuwa vinene, vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Kutoka kwenye kifundo mstari mwekundu ulikuwa unapanda ndani ya mkono, umekaribia kiwiko. Akatueleza kwa sauti ya kuomba radhi kwamba Jumatatu, akiwa shimoni, moko iliteleza, ile patasi ya chuma wanayopasulia mwamba, ikamwingia kwenye kiganja. Tangu jana anasikia baridi.

Masalu hakucheka tena. Mama Noela aliutazama ule mstari, akasema kaka yake, Mageni, alikuwa nao kama huo. Ulipofika kwapani walimkata mkono ili wamwokoe mwenyewe. Sasa anauza mboga, kwa sababu hakuna mwenye shimo anayemshusha chini mtu wa mkono mmoja.

Maduhu akasikiliza yote akiitikia kwa kichwa, kwa heshima, kana kwamba wanaongelewa watu wengine. Halafu akatuonyesha kadi aliyopewa mapokezi. Ilikuwa ya kijani. Kila anayekaa kijiwe chetu anazijua hizo kadi. Nyekundu unaingia mbio, njano unaingia leo, kijani unakaa.

Nikamuuliza muuguzi alisema nini naye.

"Apolonia? Yule binti amelelewa. Alinisalimia vizuri, shikamoo baba, nikaitika. Akaniuliza hali yako, nikamwambia mhola."

Mhola, kwetu Wasukuma, ni salama, ni nzuri. Huwezi ukaulizwa hali ukafungulia mabaya papo hapo, utaonekana hukulelewa. Nyumba yako inaweza kuwa inawaka moto nyuma yako. Jirani akikujulia hali unasema mhola, unamuuliza na yeye, unauliza watoto wake, mkishamaliza ndipo unamweleza kwa upole kwamba kuna moto. Bahati mbaya pale mapokezi hawafiki kwenye moto. Apolonia alikuwa na watu arobaini mbele yake na vijana watatu wa bodaboda walioparamiana. Amesikia nzuri, ameandika nzuri. Akauliza tatizo ni nini, Maduhu akasema ni kidonda kidogo, na mkono wenyewe umo kwenye koti, kwa sababu ataunyooshaje mkono mchafu mbele ya mtoto wa watu.

"Amepita mara tatu kutujulia hali," Maduhu akasema.

"Na mara tatu ukamwambia nini?" Masalu akauliza.

"Sasa ningemwambia nini, Spika? Mtu amekuuliza vizuri."

Ikabidi tumfundishe palepale. Rajabali akawa muuguzi, akatundika tepu yake ya kupimia mabati shingoni. Akasema shikamoo baba, hali yako? Maduhu akavuta pumzi, akajikaza, akasema nzuri kidogo. Tukamrudisha mwanzo. Mara ya pili akasema mhola, ila siyo sana. Mara ya tatu alifika mpaka kwenye herufi ya kwanza ya mbaya, akaona haya, akamuuliza Rajabali habari za watoto. Rajabali akatusahau kabisa, akaanza kusimulia kwamba mwanawe Pinky amefaulu.

Masalu akasema hivyo hatufiki. Mtu ambaye hajawahi kulia haanzishi, anapokea, kama kwenye ngoma. Yeye Spika atasimama pembeni yake mapokezi aanzishe mlio, Maduhu adakie. Na sauti anayo. Mama Noela akasema hataki kujua tutalia wimbo gani, anachotaka ni ule mkono uingie ndani. Yeye hawezi kuacha jiko na moto. Mlinzi getini anaruhusu ndugu wawili kwa mgonjwa mmoja, kwa hiyo tukaingia mimi na Masalu.

Nakiri kwamba mpango wangu ulikuwa mwingine. Nilitaka nifike pale dirishani niseme tu, sista, tazama mkono huu. Nilishafungua mdomo. Lakini Spika hakuningoja. Aliweka mkono kifuani, akavuta pumzi, akaachia mlio ambao ninaamini mahali fulani ng'ombe waliacha kunywa maji.

Benchi zote ziligeuka. Apolonia akatupa kalamu akaja mbio. Wanaume wawili wakatokea na machela sijui kutoka wapi, wakamkunja Masalu miguu, wakamlaza. Masalu akajaribu kusema siyo mimi, ila alikuwa bado hajashusha sauti, ikatoka kama maumivu yameongezeka. Mimi nasema sista, sista, nani ananisikia. Apolonia akamshika mshipa wa mkono, akawaambia wale wanaume wampitishe ndani.

"Huyu kwanza," akasema. "Wengine naomba msubiri."

Hapo Maduhu akasimama.

Lazima muelewe, huyu ni mtu ambaye miaka yake yote amepanga mifuko ya mawe kwenye foleni ya karasha. Kule unaweza kulala na njaa, unaweza kudondokewa na jiwe, ukavumilia. Lakini mtu aliyekuja baada yako akipitishwa mbele yako, hapo hakuna mpole. Nimeona wazee wa kanisa wakishikiana makoleo.

"Sista, huyo hakuwepo," akasema, na sauti yake ilikuwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. "Mimi nipo hapa tangu saa moja. Huyo amekuja sasa hivi, tena mzima, anakula kashata tangu asubuhi. Mgonjwa ni mimi. Mkono wangu unaoza na homa ninayo. Hali yangu ni mbaya."

Akautoa mkono kwenye koti, akaunyoosha mbele ya watu wote.

Apolonia akautazama. Akafungua ile kanga, akaufuata ule mstari kwa kidole mpaka unapoishia, na kidole chake kikapita kiwiko. Akaichukua ile kadi ya kijani akaichana.

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Tulikuwa bado kwenye salamu, mwanangu."

Akamshika bega akaingia naye mwenyewe. Kabla ya adhuhuri daktari alishampasua kiganja, usaha umetolewa, dripu imetundikwa. Daktari akaniita pembeni akaniambia kwamba ingepita siku moja zaidi tungekuwa tunazungumza habari nyingine kabisa. Mkono utabaki. Vidole vyote vitano. Nilikaa naye kitandani mpaka saa kumi, akalala usingizi mzito, kisha nikaondoka nikamwambie Mama Noela.

Pale mapokezi nikamkuta Masalu kwenye benchi, ameegemea ukuta, ana kadi ya kijani mkononi. Akanieleza kwa mnong'ono, na mnong'ono wa Spika uliwaamsha wagonjwa wawili, kwamba walipomteremsha kwenye machela alishasajiliwa maumivu ya kifua. Apolonia amekataa kufuta. Anasema maumivu ya kifua hayafutwi na muuguzi, anayeweza kutamka kwamba Masalu ni mzima ni daktari peke yake, na daktari ana foleni.

Nikamwambia geti liko wazi, mlinzi mwenyewe anasinzia, twende zetu.

Akaniangalia kama nimemtukana.

"Mzee, mimi ni wa kumi na saba," akasema. "Na wameshafika kumi na nne."