Pazia la Maua ya Buluu

Jumatatu, 3 Juni
Balaa! Jirani yangu, fundi cherehani, anahama Jumamosi. Binti yake anakuja kumchukua akakae na wajukuu. Mlango wake na wa studio yangu ya picha inatazamana tangu ujana, na tangu ujana nampenda. Sijamwambia. Subira huvuta heri.

Nimemkuta akilia juu ya kitabu. Ni zile riwaya za zama mbili anazoletewa na Fundi Saa, mjipendekezaji mkubwa! Nimeazima kitabu kimoja, kwa uchunguzi tu. Msichana wa leo anarithi kabati la bibi yake, anakuta kitambaa kilichofichwa. Ukifungua sura ya pili, bibi ni kigoli, yuko stesheni, na kijana wake anaondoka na treni.

Jumanne, 4 Juni
Nimekimaliza. Nimelia mpaka dada yangu akauliza nani kafa. Nikasema ni vitunguu. Akasema vitunguu bado viko sokoni.

Sasa naelewa utamu wake. Ukimpenda mtu ukanyamaza, kumbe hajapotea. Yuko ndani ya kabati fulani, anasubiri mtu afungue. Nilikumbuka studio enzi za bosi wangu, ilivyonukia dawa za kusafishia picha. Jirani yangu akaja kupigwa picha na gauni la kwanza aliloshona mwenyewe, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Mimi nilishika taa. Nilitetemeka mpaka bosi akafoka kwamba kivuli kinacheza ukutani. Jamani, siku zile!

Nina mpango. Akikuta picha ya kale ya kijana mtanashati, moyo utafunguka wenyewe. Sitahitaji kusema hata neno.

Jumatano, 5 Juni
Picha zangu za ujana zililiwa na mchwa. Si neno! Kazi yangu ni kufanya picha kuukuu zionekane mpya. Kinyume chake kitanishinda?

Nikavaa bugaluu langu, suruali ya zamani ya miguu mipana. Halikufunga, nikalishikiza kwa pini. Kofia kuficha upara. Nikajipiga picha mbele ya pazia la studio, kwenye mwanga hafifu, nikaichovya picha kwenye chai ya rangi, nikaianika juani. Dada akaikuta ile chai mezani, akainywa, akasema leo nimejitahidi.

Alhamisi, 6 Juni
Nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo, nikaitumbukiza picha kwenye droo ya cherehani. Fundi Saa naye akaja, shati limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Na ni yeye aliyefungua droo! Alicheka, akasema jamaa huyu anafanana na kondakta aliyeachwa na basi lake. Mshenzi.

Fundi cherehani akavaa miwani, akaitazama picha kwa muda mrefu. Akaniuliza kama namjua huyu. Hapo ningeweza kusema. Lakini kwenye riwaya ukweli hautoki mpaka sura za mwisho! Nikajibu sijawahi kumwona. Nadhani nilifanya vyema.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeumbuka. Ameniita peke yangu. Amesema kijana ni mzuri, ila lile pazia la maua ya buluu nyuma yake alilishona yeye mwaka jana, na hata pindo lililokwenda upande analikumbuka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hakunicheka. Akanirudishia picha yangu, akatoa nyingine, ile ya gauni lake la kwanza. Nyuma yake kuna kioo. Ndani ya kioo kuna kijana mwembamba ameshika taa, macho yote kwake. Ni mimi! Ameitunza miaka yote hii. Nikalia, na safari hii sikusingizia vitunguu.

Akasema vitabu vile vinamliza kwa sababu kila mara mjukuu ndiye anayekuja kujua, wapenzi wenyewe wameshazikwa. Sisi bado tunapumua, mzee wangu, akasema. Gari linakuja kesho asubuhi. Akaniambia niwahi tunywe chai, na kama nina neno, nilitoe kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni
Niliamka mapema. Nikanyoa ndevu, nikavaa koti. Nikafika mlangoni pake, mkono uko juu nibishe hodi. Ghafla, wazo! Mjukuu! Ndicho kitu nilichosahau kwenye mpango wangu!

Nikarudi mbio studio. Nikakata kipande cha pazia, nikakitia pamoja na picha yangu kwenye kopo la biskuti. Sanduku lake kubwa lilikuwa barazani, limefungwa kamba. Kufungua kamba, kulifukia kopo katikati ya magauni, kufunga tena, jasho likanitoka. Nilipoinua kichwa binti alikuwa ameshafika, anahimiza safari. Sanduku likapakiwa. Jirani yangu akanitazama kupitia dirisha la gari, akanipungia mkono. Hakutabasamu.

Mlango aliuacha wazi. Mezani kulikuwa na vikombe viwili, kimoja kimejaa. Nimekaa kwenye kiti chake nikainywa ile chai. Ilikuwa imepoa. Moyo umeniuma sana, siwezi kuficha.

Lakini kopo limeondoka salama! Mjukuu wake mkubwa ana miaka minne. Siku moja atalifungua, atamwuliza bibi yake huyu kijana ni nani, na hapo ndipo mjukuu atakapojua yote. Mimi nitakuwa hapa hapa studio.