Saa Moja kwa Kila Mkunga

Mheshimiwa Kamishna ambaye hakufika, Mheshimiwa mwakilishi wa Kamishna ambaye yuko njiani, wachungaji wetu, masultani wetu wa vijiji, wakurugenzi pamoja na manaibu wao, stekholda wote wa ndani na nje, ndugu zetu Wakenya wa benki na mashirika, ndugu mliorudi nyumbani kutoka Uganda, kina mama wakunga wa Rejaf, na ninyi vijana wa bodaboda mliosimama hapa uani mwa kituo cha afya kwa sababu mmeona turubai lina kivuli: (makofi machache) itifaki imezingatiwa.

Mimi ni Jonah Taban, Kaimu Naibu Mratibu wa Idara ya Usahihi wa Wakati. Najua mmekaa hapa tangu asubuhi. (Minong'ono.) Malesh, samahanini. Kadi ya mwaliko iliandikwa namba nane. Ninyi mkaja saa mbili asubuhi, mimi nikaja saa nane mchana, na kila mmoja wetu amewahi kwa namna yake. Ndiyo maana hasa idara yangu, chini ya uongozi wangu, kwa ushauri niliojipa mwenyewe, imeona umuhimu wa kuzindua mradi huu wa Saa Moja kwa Kila Mkunga.

Tazameni mkono wangu! (Anapandisha mkono wa koti.) Saa nyeusi, nene, mkanda wa mpira, ina mishale kwa wazee na tarakimu kwa vijana, ina taa, haiogopi maji, haiogopi vumbi la barabara yetu, bodaboda ikiikanyaga inaendelea kutembea, na bei yake hata muuza samaki wa soko la Konyo Konyo anaimudu. Kwa saa hii mkunga atahesabu mapigo ya moyo, atapima uchungu unavyofuatana, na ataandika mtoto amezaliwa saa ngapi. (Makofi. Mkunga mmoja, mstari wa mbele, ananyoosha mkono.) Dada, maswali ni kwenye kipindi cha fidibaki.

Kitaalamu, na hapa wanahabari waandike, utafiti wa kina tuliojifanyia sisi wenyewe unaonyesha kwamba asilimia mia moja na kumi ya wakunga wataridhika katika faizi wani, kabla hatujaingia kwenye kapasiti bildi na sustenabiliti, ambapo mimi binafsi nitajitolea kusafiri nchi kadhaa kuona wenzetu wanavyotazama saa. (Kicheko. Jonah anadhani ni shangwe, anapunga mkono.) Maboksi yenyewe ndiyo haya nyuma yangu. Msiyaguse. (Upepo unaangusha boksi moja. Ni tupu.) Hilo ni la maonyesho.

(Mkunga yule wa mstari wa mbele anasimama: "Mheshimiwa, mimi iko na mama ndani, uchungu imekaribia sana, naomba tu...")

Dada Suzan, uvumilivu! Huyo mama, nimeambiwa anaitwa Nyaruot, asiwe na wasiwasi, mradi huu ni wake. Mwambieni asubiri nimalize aya hii. (Nyaruot anapiga kelele wodini. Suzan anatazama mkono wake mtupu, anakimbia ndani.) Mnaona alivyohamasika?

Sasa nikisema saa, mnaitikia imara! Saa! (Imara!) Mkunga! (Watu wanatazamana.) Hapo pia ni imara, jamani. Mkunga! (Imara, kwa uchovu.) Wakati! (Umepita!) Nani amesema hivyo?

Khalas, basi, nimalizie kwa shukrani. Kwa namna ya pekee namshukuru Dada Suzan Lako, mkunga wa kituo hiki, ambaye niliposhuka garini aliniazima mara moja saa hii aliyojinunulia mwenyewe sokoni, kwani bila ukarimu wake ningesimama mbele yenu mkono mtupu, ikizingatiwa kwamba hizo nyingine hazijaagizwa, muuzaji hajatafutwa, na mradi wenyewe tumeupa jina tukiwa njiani kuja hapa. Kwa kutambua mchango wake, saa hii itahifadhiwa ofisini kwangu kama mali ya mradi. (Zomeazomea.) Asanteni kwa shangwe hizo.

(Kilio cha mtoto mchanga kinasikika. Vigelegele.)

Mnasikia? Matunda ya mradi hayo! Wanahabari, andikeni! Dada Suzan, mtoto amezaliwa saa ngapi?

(Suzan, dirishani, mtoto mikononi: "Si saa iko na wewe, Mheshimiwa?")

(Mheshimiwa anateremsha mkono wa koti, anaifunika saa.)

Swali zuri sana. Tutaunda kamati.