Mjomba wa Kupachikwa

Daktari Asali hakusomea udaktari popote. Asali yenyewe ilikuwa ya ulimi. Siku hiyo alikuwa kwenye duka la vitambaa, akijifanya anachagua kitambaa cha suti, alipomsikia mama mwenye duka akimnong'oneza dada yake:

"Kliniki ya walevi wa unga ni bure, najua. Lakini geti lake linatazamana na soko zima! Nionekane nampeleka mwanangu mla unga? Bora nife."

Asali akaweka kitambaa chini taratibu, kama mtu aliyepokea habari za msiba.

"Samahani, mama. Mimi ni daktari, nina kituo cha siri. Hakuna kibao, hakuna foleni, hakuna majirani."

Mama hakuuliza kituo kiko wapi. Aliuliza kama gari lina vioo vyeusi. Akamwita mwanawe, akavua mkufu wake wa dhahabu, akalipa; Asali akautia mfukoni mwa koti lake jeupe.

Mpango wa Asali ulikuwa mwepesi: kijana atelekezwe stendi, daktari atokomee. Lakini gari halijafika mbali, kijana akacheka, jasho likimtiririka.

"Mzee, wewe si daktari."

"Nani kasema?"

"Nimemdanganya mama miaka na miaka. Mwenzangu namjua." Akajikunja kwa maumivu. "Kliniki nimeshakwenda peke yangu. Wanataka nije na ndugu, na ndugu zangu wote wanaona haya. Wewe haya huna. Utakuwa mjomba wangu, au nipige mayowe?"

Basi Asali, na koti lake jeupe, akapita getini mchana kweupe, soko zima likimtolea macho.

"Wajomba kama wewe ni wachache!" muuguzi akamsifu, akaanza kumweleza jinsi atakavyomleta kijana kunywa dawa kila asubuhi. Asali aliitikia huku akipima upana wa dirisha. Kijana naye akaazima simu, akanong'ona.

"Mama, njoo kliniki. Daktari wako ni tapeli, na mkufu uko kwenye koti lake."

Mama alilipasua soko mbio, kiatu kimoja mkononi, akitukana kwa sauti ambayo dukani hakuwahi kuitumia.

"Yuko wapi huyo mwizi?"

Asali akarukia dirishani. Muuguzi akamdaka koti. Mwenye koti akaponyoka, koti likabaki na mkufu wake.

Hapo ndipo mama alipogundua amesimama wapi. Getini, wateja wake mwenyewe walikuwa wanachungulia. Akamtazama mwanawe anayetetemeka kwenye benchi. Akavaa kiatu.

"Mjomba wake kapata dharura," alimwambia muuguzi, akaketi. "Endelea. Asubuhi mnafungua saa ngapi?"