Mihuri Kumi na Tisa ya Korongo

Ofisi ya Utamaduni ya Yunqiao ina heshima kuutangazia umma kwamba, kuanzia Jumatatu saa tatu asubuhi, mchoro wake wa ndege korongo una umri wa miaka mia tisa. Uamuzi ulipitishwa bila kupingwa.

Shen Yuqing, mtaalamu wa historia ya michoro na vitabu vya picha, hakuulizwa. Aliitwa tu kusaini cheti cha uhalisi. Kama asingesaini, angehamishiwa stoo ya mafagio.

Alikuja na kitabu kilichochapwa miaka mia nne iliyopita. Korongo yule yule alikuwa humo. Ubao wa kuchapia ulikuwa umepasuka, na ufa ukaacha mstari mweupe mguuni. Kwenye mchoro, mguuni palikuwa na kamba nyeupe.

"Mkurugenzi Pang," akamwambia mkuu wa ofisi, "mchoraji alinakili ufa akidhani ni kamba. Korongo wa mwitu, kafungwa na nani?"

"Basi kitabu ndicho kilichoiga mchoro."

"Na ubao ukapasuka palepale penye kamba, kwa adabu?"

"Mwalimu Shen, acha ujuaji! Naibu Meya ameshaupigia makofi, wewe unatuletea ufa!"

Kwa desturi, anayeuenzi mchoro huugonga muhuri mwekundu wa jina lake. Viongozi, wasitake kupitwa, waliunda Kamati ya Nafasi za Mihuri. Naibu Meya, ambaye hakai chini ya mtu, aligonga mawinguni. Pang akagonga mwezini. Mkuu wa maegesho aliambulia goti la korongo. Kufikia Alhamisi mihuri ilikuwa kumi na tisa, na cheti bado kilimsubiri Shen.

Ijumaa wakaingia wakaguzi kutoka mji mkuu, wanaofuatilia michoro bandia.

"Nani aliidhinisha huu?" akauliza kiongozi wao, Mama Lu.

"Uamuzi wa pamoja, Mama," Pang akatabasamu. "Hatuna haja ya majina."

Mama Lu akatoa lenzi, akaanza kusoma mihuri kutoka mawinguni kuteremka. Karani wake akaandika.

"Mihuri hiyo imeghushiwa!" Pang akapayuka. "Mtu ananichafulia jina! Muulizeni mtaalamu, huyo hapo!"

Shen akavaa glavu. Akalinganisha kila muhuri na wino mwekundu wa ofisi, kwa dakika arobaini, kazi ambayo ingemchukua dakika tano. Kisha akaomba kile cheti. Akakata neno "mchoro", akaandika "mihuri", akasaini: halisi, yote kumi na tisa.