Wenza wa Samaki wa Agneta

Bwi, bwi, bwi. Stima ilikuwa imepotea Bungoma nzima, na kwenye kona ya lojing ya Agneta kitu kilikuwa kikipumua gizani.

"Hiyo ni nini?" akauliza Kigen, aliyekuja kukodi chumba tu.

"Pampu ya hewa, ya tangi la samaki. Inatumia betri. Niko na kasamaki ka maji ya bahari, mgeni aliniachia. Kako peke yake, na sijui nikatafutie wenzake gani."

Riziki ya wengine huja kwa maombi. Ya Kigen ilikuja kwa pampu. Jumamosi alitakiwa ukweni Kitale, kwa kina mchumba wake Jepkemboi, na walishamwambia: bila beberu, asipige hodi. Na nyuma ya jikoni ya Agneta alikuwa akilia beberu mzuri ajabu.

Kesho yake jioni stima ilikuwa bado. Kigen akarudi na chupa yenye samaki wawili wa mtoni na chumvi ya jikoni kijiko kizima.

"Nipe beberu nikupe hawa, mama, wametoka Mombasa kwa ndege. Wapole kuliko mashemasi."

"Wangu ni mkali, bana. Si atawakula?"

"Wako anatawala juu, hawa wanakaa chini kwa mchanga. Ni kama wake wenza: kila mtu na jikoni yake."

Agneta akachovya kidole, akalamba. "Chumvi iko," akasema. "Ya kupikia sukuma wiki, lakini iko. Na nawaingiza tu hivyo?"

"La! Mgeni huzoeshwa. Ning'iniza chupa ndani ya maji mpaka Jumapili, waamkiane kwanza."

Jumapili, kwa hesabu ya Kigen, angekuwa mkwe wa watu.

"Haya, chukua huyo beberu. Unampeleka wapi?"

"Kitale, kwa wakwe."

"Kitale," Agneta akarudia polepole. "Nilimnunua sokoni Chwele kwa mtu wa huko, alikuwa na haraka huyo, hata chenji hakungoja. Basi wako hahitaji kuzoeshwa."

Kigen, aliyekuwa tayari ameshika kamba, akaichukua kama sifa ya mbuzi.

Jumamosi akaingia kwa mzee Kipkemei, babake Jepkemboi, akiwa na suti ya kuazima, wazee wamejipanga vitini, Jepkemboi akichungulia kwa pazia. Beberu akamponyoka, akapita katikati ya wazee bila salamu, akaenda moja kwa moja kujikuna kwenye nguzo ya zizi.

Kisha mjukuu wa mzee akasema kwa sauti:

"Babu, mbuzi wetu amerudi."