Viatu Namba Tisa

Jumatatu, 4 Februari 2013

Nimeanguka mara tatu kwenye mazoezi ya hoki ya barafuni. Mara ya tatu hakukuwa na mtu karibu yangu, wala mchezo haukuwa upande wangu. Nilikuwa nimesimama. Nikaanguka. Wazee wenzangu wakajifanya wanatazama saa ya ukutani.

Baadaye, tukibadilisha nguo, Lorne Makarchuk akaja kuketi kando yangu. Lorne ndiye nahodha wetu. Ana miaka sabini na minne na miguu kama nguzo za simu. Akaninong'oneza, kwa sauti ambayo hata viziwi wetu wawili waliisikia, kwamba Jumamosi ya tarehe kumi na sita, tukicheza na timu ya Melville, pengine nishike mlango. Mlango wa benchi! Mtu wa mlango huwafungulia wenzake wakiingia barafuni na kutoka. Huvaa koti zito na kubeba chupa ya chai. Kazi ya heshima, alisema. Aliyeishika mwisho tulimzika Novemba.

Nikamwambia nitafikiri. Sitafikiri.

Tatizo si miaka yangu sabini na mmoja. Tatizo ni viatu. Nikizikaza kamba, kingo mbili za kiatu zinakutana katikati, zinabusiana, na mguu ndani bado unaogelea. Tangu mke wangu Zdenka afariki, miezi kumi na minne sasa, nimepungua kilo kumi na moja. Inaelekea nyingine zilikuwa miguuni.

Jioni binti yangu Helena akapiga simu. Alishasikia. Mji mdogo kama Yorkton hauna siri. Anasema ninunue vipya. Lorne naye mwaka mzima ananiambia ninunue vipya, kila mara akitazama pembeni. Sinunui. Hivi ni zawadi ya Zdenka nilipotimiza miaka sitini na mitano. Mwuzaji alitaka kunipa namba saba na nusu, eti viatu vya barafu huvaliwa vidogo kuliko vya barabarani, kila mtu anajua. Nikamweleza kwamba mguu wangu ni namba tisa tangu nilipoingia nchi hii mwaka 1968, na mguu wa mtu haupungui kwa kuvuka mlango wa uwanja. Zdenka akafungua mkoba. Alilipa. Na vikanikaa kama ngozi yangu mwenyewe, misimu sita. Kila Septemba alivipeleka kwa Lorne kunolewa vyuma vya chini, akiwa njiani kwenda sokoni, na vilirudi vizuri kuliko vilivyokwenda. Ngozi ni kama mvinyo. Mapumziko ya kiangazi huifaa.

Nina mpango.

Jumanne, 5 Februari

Mpango wenyewe. Kama kingo zinakutana, basi matundu ya kamba yako mbele mno. Nitoboe safu ya pili nyuma ya ile ya kwanza, sentimita moja na nusu. Kamba zitavuta kutoka nyuma, kiatu kitaufumbata mguu. Ajabu viwanda havijalifikiria hili.

Nimekuwa mjalidi wa vitabu miaka thelathini na tisa, kwetu Brno kwanza, kisha hapa. Nimeshona kamusi za majuzuu ishirini. Nimeifufua Biblia ya bibi yake Lorne iliyokuwa imeliwa na panya hadi kitabu cha Kutoka. Kiatu ni nini mbele ya hayo? Majalada mawili, na ndani hamna la kusoma.

Nimepima kwa rula ya chuma. Nimetoboa kwa msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, na nyundo. Matundu ishirini kila kiatu. Kazi safi. Nimejipongeza kwa glasi moja ya pombe ya plamu.

Alhamisi, 7 Februari

Kiatu cha kulia: karibu kamili. Cha kushoto, nilikipima kikiwa kimenielekea, nikachanganya ndani na nje. Safu moja imepanda kuliko mwenzake kwa tundu zima. Nikikikaza kinajipinda. Nimezunguka nusu saa kuelekea kushoto kama punda wa kinu. Lorne akauliza kama nimepoteza kitu pale. Nikasema ni mbinu mpya. Nikamzunguka mara mbili kuthibitisha.

Kisigino bado kinaogelea. Nimeanguka mara mbili. Pungufu moja. Maendeleo.

Jumapili, 10 Februari

Nimegundua kwamba kosa halikuwa matundu. Ni kamba. Zinalegea. Jana niliyeyusha nta ya nyuki, ile ya uzi wa kujalidia, nikazichovya mara tatu. Leo nikaenda kuzijaribu peke yangu kwenye barafu ya nje, ng'ambo ya nyumba ya Lorne. Digrii thelathini na moja chini ya sifuri.

Zilishika. Lazima nikiri, zilishika. Nta iliganda ikawa waya. Baada ya robo saa sikuhisi vidole, na fundo halikufunguka kwa mkono, kwa meno, wala kwa maneno ya Kicheki ambayo sijayatumia tangu jeshini.

Nikavuka barabara juu ya vyuma hivyohivyo, nikishika ua wa watu. Lorne akafungua mlango, akanitazama kuanzia juu hadi chini, akaishia chini. Hakucheka. Angecheka ningemsamehe upesi zaidi. Akaniketisha jikoni, akapakata mguu wangu, akazikata kamba kwa kisu cha mkate. Halafu akanipa pierogi, vile viandazi vya kuchemsha vyenye viazi ndani, sahani mbili, bila kuuliza kama nimekula.

Ila kuna jambo. Alikishika kiatu cha kushoto muda mrefu. Akaubonyeza ulimi wake kwa kidole gumba, ule unaolala chini ya kamba. Mwishowe akasema niuangalie huo ulimi, na kwamba yeye hajasema kitu.

Mtu aliyetengeneza matrekta maisha yake yote ananifundisha ngozi.

Jumatatu, 11 Februari

Nimepata wazo langu mwenyewe. Ni ulimi. Umelala, umekuwa mwembamba. Nikiufumua na kuingiza ubao mwembamba wa jalada, utajaza nafasi iliyo juu ya mguu. Nashangaa sikuliona hili mapema.

Jumanne, 12 Februari

Nimefumua ulimi wa kiatu cha kushoto.

Nilianza saa nne asubuhi, miwani miwili puani. Mara nikaona uzi. Si uzi wa kiwanda. Uzi wa kitani, umepakwa nta, na mshono umefichwa ukingoni usionekane. Mshono huu naujua. Nilimfundisha mimi, Brno, mwaka 1965, msichana aliyekuja karakanani kuomba kazi ya kukunja karatasi. Nilimwambia mkono wake ni mzito. Wiki ya pili alikuwa ananishinda.

Ndani mlikuwa na sufu nzito ya kijani. Tabaka sita, moja juu ya mwenzake, kila moja na mshono wake. Septemba sita. Nikainua soli ya ndani: vipande viwili zaidi, vimekatwa kama mwezi mchanga, mahali pa kisigino.

Ni kofia ya Zdenka. Kofia ya kijani aliyovaa tulipovuka mpaka kuingia Austria, na aliyoniambia ameipoteza kwenye basi la kwenda Regina, vuli ya mwaka 2006. Niliwaandikia watu wa basi barua mbili kali. Walijibu kwa adabu kwamba hawajaiona. Walisema kweli.

Miguu yangu haikupungua. Nilipewa namba tisa kwa sababu nilibishana, na yeye akaifanya saba na nusu kwa sindano, bila neno. Kila mwaka sufu ilishindiliwa na uzito wangu, kila mwaka akaongeza. Septemba iliyopita hapakuwa na wa kuongeza. Tabaka zote sita zimebaki unene wa kadi.

Chai imepoa. Sijatia ubao wowote.

Jumatano, 13 Februari

Nimekwenda kwa Lorne, kiatu mkononi, ulimi wazi. Sikusalimu. Alikuwa gereji, kwenye mashine yake ya kunolea. Akakiona. Akaizima mashine.

"Aliniapisha," akasema. "Alishona pale, kwenye kile kigoda, mimi nikinoa. Alisema, Lorne, huyu mume wangu akijua atarudi dukani kubishana, na msimu utapita hajacheza."

Nikamwuliza kwa nini basi hakunieleza mwaka huu, nikianguka mbele ya watu kama gunia.

"Kiapo ni kiapo, bwana. Nilikwambia ununue vipya. Mara ngapi? Nikakupa mlango, usije ukavunja nyonga." Akafuta mikono ambayo haikuwa michafu. "Mimi sijui kushona, Alois. Ningejua ningekushonea."

Tukakaa. Aliniachia kigoda kile. Kwangu ni kifupi. Zdenka lazima kilimtosha.

Ijumaa, 15 Februari

Sikutoa hata uzi mmoja wa Zdenka. Nimeongeza juu. Sufu ya dukani ni laini mno, nimeijaribu. Nikachukua kofia yangu ya kijivu. Helena akaingia nikiwa na mkasi, nusu ya ukingo imeshakwenda. Akauliza kama hiyo siyo niliyovaa siku ya mazishi ya Mama. Nikasema ndiyo. Akavua koti, akaketi, akanitungia uzi sindanoni, maana macho yangu hayaoni tena tundu dogo hivyo. Hakuna aliyetaja viatu vipya.

Mshono wangu si kama wake. Mkono umekuwa mzito.

Kamba nimezirudisha kwenye matundu ya kwanza, ya kiwandani. Kingo hazibusiani tena. Kati yao pana nafasi ya vidole viwili, kama inavyotakiwa.

Jumamosi, 16 Februari

Lorne alinitazama nikifunga kamba. Hakuutaja mlango. Akaandika jina langu mstari wa tatu, kundi la tatu kuingia barafuni.

Nimecheza! Vipindi viwili na zaidi, sikuanguka. Mguu ulikaa umeshikwa, juu na kisigino, kama mtu aliyekumbatiwa na anayejua anachofanya. Kipindi cha tatu nikampa Lorne pasi kupitia miguuni mwa jitu moja la Melville, naye akafunga. Alinijia mikono imenyanyuka. Tulifunga manne. Wao saba. Hilo si la kuandika hapa.

Zikiwa zimebaki dakika nne nikakata kona kwa kasi, na kiatu cha kushoto kikapasuka. Safu yangu ya matundu, ile ya pili, iliachana na kiatu toka juu hadi chini kama stempu zinavyoachana. Mjalidi wa miaka thelathini na tisa. Ukitaka karatasi ichanike vizuri, unafanyaje? Unaitoboa matundu kwa safu.

Nikaondoka barafuni kwa tumbo. Dakika nne za mwisho nilishika mlango. Ni kazi ya kitaalamu kuliko nilivyodhani.

Tukitoka, Lorne akaniambia mazoezi ni Alhamisi, nisichelewe, na nije na viatu.

Jumanne, 19 Februari

Hivi vya zamani havishoneki. Nimejaribu siku mbili. Nimefumua ndimi zote na soli, nikatoa sufu yote, ya kijani na ya kijivu, nikaifunga kwenye karatasi safi. Helena akanipeleka dukani.

Mwuzaji ni yuleyule, amenenepa. Akapima mguu wangu kwa kile chuma chao. Akaleta saba na nusu. Nikasema tisa. Akamtazama Helena. Helena akasema, polepole, kama anayemwamsha mtu: "Baba."

Nikamwambia anijibu swali moja tu. Kwenye saba na nusu, kofia zitakaa wapi?

Helena aligeukia rafu ya soksi. Kisha akalipia namba tisa.

Tena nasimama palepale: mguu wa mtu haupungui kwa kuvuka mlango wa uwanja.

Viatu viko mezani. Sufu imeingia vizuri, ya kijani chini, ya kijivu juu. Ngozi nzuri. Ila nimepima mara mbili, na matundu haya ya juu yamekaa mbele kidogo. Milimita sita hivi. Safu moja tu, fupi, kila upande.

Msharasi niliuweka wapi?