Buibui Mweupe Katika Asumini Zangu

Tibirinzi, Chake Chake
Jumatatu

Bwana Sheha,

Assalaamu alaykum. Natumai wewe na watu wa nyumbani hamjambo. Mimi mwili mzima, ila roho inaniwaka moto, na anayeichochea ni buibui.

Unanijua: Ruweida binti Kificho, mtunga asumini. Mwaka wa ishirini na mbili huu nawatungia maharusi makoja ya shingoni na vikuba vya kifuani, na hajatoka mtu mikononi mwangu ila ananukia. Leo jina langu limeharibika, oda zinanikimbia, na aliyenifikisha hapa anaota jua juu ya maua yangu. Naomba ahamishwe shehia hii kabla ya Ijumaa, kwa sababu hizi:

1. Hana kazi. Buibui wenzake wanahangaika kutandaza utando, upepo ukiuchana wanaanza upya. Huyu sijamwona akitandaza hata uzi mmoja. Anakaa juu ya ua kapanua mikono, utadhani anangoja kukumbatiwa, na nyuki masikini akija kutafuta riziki ndio kwaheri yake.

2. Anajibadili rangi. Kwenye asumini ni mweupe pepepe. Nilimtoa kwa kijiti nikamweka kwenye alamanda, yale maua ya manjano nyuma ya nyumba. Siku chache baadaye namkuta kawa wa manjano, ananitazama kana kwamba hatujuani! Kurudi kwenye asumini, mweupe tena. Mimi kubadili picha ya kitambulisho nilitakiwa barua tatu na mashahidi wawili. Yeye nani kamruhusu?

3. Hili ndilo linaloniuma. Asumini huchumwa jioni zingali tumba, na macho yangu ya jioni si yale ya zamani. Alhamisi nilikuwa natunga koja la Yumna, bibi harusi. Nikaona tumba nono, nikalipachika mbele kabisa, kumbe ni yeye kajikunyata. Basi Yumna katolewa kutazamwa, kaketi macho chini kama desturi, wanawake wamejaa, mara ua moja likaanza kutembea. Likaenda ubavu ubavu kama kaa, likapanda shingo, likapita shavu, likatua kwenye ncha ya pua. Lo! Bi Mwanawema, mama wa bwana harusi, alipiga ukelele mpaka wapiga ngoma wakadhani ni kigelegele, wakazidisha. Watu walikimbia wakaacha viatu. Video imefika mpaka Kojani, na wateja wangu watatu wameshaniambia wanakwenda kwingine. Nimelia, Bwana Sheha, sikufichi.

4. Kazaa. Sina la kuongeza.

Kwa hiyo naomba apewe saa ishirini na nne aende msitu wa Ngezi, kule Makangale, ambako maua yapo na maharusi hawapo. Akikaidi, aitwe barazani kwako ajibu. Nitamleta mwenyewe, ndani ya kopo.

Nisalimie mama watoto, wanao, na wote wa barazani, hata wale walioicheka video.

Ni mimi raia wako mtiifu, mwenye hasira,
Ruweida binti Kificho

N.B. Bahasha nilikwishaifunga, mara Bi Mwanawema huyo mlangoni. Nikajua kaja kunitukana. Kumbe anataka koja kwa mchumba wa mwanawe mdogo, na buibui awemo! Anasema tangu azaliwe hajaona mkwe mwenye subira kama Yumna: mdudu yuko juu ya pua, na yeye hata kope hakupepesa. Mama wakwe wengine watano wamesikia, nao wanataka wake za wana wao wapimwe hivyo hivyo. Basi Bwana Sheha, tafadhali usimhamishe, na mtu yeyote asithubutu kupiga dawa maua ya mtaa huu. Mwenzio nahitaji sita wazima. Ila Yumna mwenyewe kanipigia simu sasa hivi kuniuliza, "Buibui gani, bibi?" Siku tatu za harusi hakupata usingizi, kumbe pale kitini alikuwa kasinzia. Hilo naomba libaki baina yangu na wewe.